Kivumbasi: Mmea wa Msimu Mmoja Pembezoni mwa Ardhioevu za Karatu na Ngorongoro

Mvua za masika zinapokoma na maji kuanza kujivuta kutoka mabondeni, udongo unaobaki wazi haukai muda mrefu bila mgeni. Miongoni mwa mimea inayowahi kuchipua pembezoni humo, kando ya njia za ng'ombe na kwenye mipaka ya mashamba, ni mmea mdogo wenye harufu kali ambao wakazi wengi huutambua kwa pua kabla ya kuutambua kwa macho. Mmea huo ni kivumbasi. Watu huuchuma ili kufukuza mbu, kuhifadhi kunde na maharage, na kujifukiza wakati wa mafua. Ni wachache wanaojiuliza unatoka wapi kila mwaka, au kwa nini mahali ulipokuwa ukijaa zamani sasa hauonekani.

Makala haya yanaeleza mmea huo ni upi, unaishije, unamsaidia mwananchi kwa kiasi gani na msaada wake unaishia wapi. Jambo la kushika tangu mwanzo ni kwamba kivumbasi kinachozungumzwa hapa huishi msimu mmoja tu. Hakina mzizi unaolala ardhini kusubiri mvua ijayo. Kinachovuka kiangazi ni mbegu peke yake, na mbegu hiyo huvuka pale tu ambapo ardhi iliyoipokea imeachwa salama.

Mmea wenyewe na ndugu zake

Jina la kivumbasi hutumiwa kwa mimea kadhaa inayofanana harufu, na hapo ndipo mkanganyiko huanza. Upo unaokua kuwa kichaka kirefu kumpita mtu na kudumu miaka kadhaa. Huo wataalamu huuita Ocimum gratissimum, na harufu yake inakaribia ile ya karafuu kwa sababu mafuta yake mara nyingi yana kiini kile kile kinachoipa karafuu ukali wake. Upo mwingine wa kudumu, Ocimum kilimandscharicum, ambao harufu yake ni ya kafuri. Upo pia mrehani wa bustanini, unaopandwa kwa ajili ya manukato na chakula. Kivumbasi kidogo cha msimu mmoja, kwa jina la kisayansi Ocimum americanum, ni ndugu wa yote hayo, ila maisha yake ni mafupi kuliko ya wale wa kudumu.

Jina hilo la kisayansi lilitolewa mwaka 1755 na Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, nalo hupotosha: mmea huu si wa Amerika. Asili yake ni Afrika na Asia, na katika Afrika Mashariki ni mwenyeji wa tangu zamani, wala hauhesabiwi pamoja na magugu yaliyoletwa kutoka mbali.

Kuutambua si kazi ngumu. Shina lake likizungushwa kati ya vidole huhisiwa kuwa na pembe nne. Majani huota mawili mawili yakielekeana, na kila jozi hukingama na jozi iliyo chini yake. Maua ni madogo, meupe au yenye rangi ya zambarau hafifu, yamepangwa kwa mafungu yanayozunguka shina mithili ya ghorofa za mnara. Kila ua lina midomo miwili, wa juu na wa chini. Hizo ndizo alama za familia ya mnanaa, yenye aina zaidi ya 7,000 duniani, wakiwamo mnanaa wenyewe, rozimari na mrehani. Kivumbasi cha msimu kwa kawaida hakizidi kimo cha goti la mtu mzima sana.

Ipo alama moja zaidi, ambayo hata mtoto wa shule ya msingi anaweza kuithibitisha nyumbani. Mbegu za kivumbasi ni nyeusi na ndogo kama punje za ulezi au chini ya hapo. Zikitiwa ndani ya glasi ya maji, baada ya dakika chache kila mbegu hujivika utando wa ute kama wa bamia. Ute huo si pambo. Mvua ya kwanza inapoidondokea mbegu, ute huishika na udongo isichukuliwe na maji, na huitunzia unyevu kidogo wakati wa kuchipua. Kwa mmea unaoishi kwenye kingo za maji yanayokuja na kuondoka, huo ni ulinzi wa maana.

Mwaka mmoja wa kivumbasi

Kalenda ya kivumbasi hufuata kalenda ya mvua. Mbegu huota udongo unapolowa, wakati wa vuli mwishoni mwa mwaka au wakati wa masika kuanzia Machi. Katika maeneo ya chini yenye joto, kama bonde la Ziwa Eyasi katika kata za Mang'ola na Baray, mmea hukua upesi. Katika nyanda za juu zenye baridi huenda polepole, na kwenye vilele vya milima hauonekani kabisa. Miche hutoa majani, kisha shina la maua, na nyuki hulitembelea kwa wingi. Maua ya chini ya shina hukomaa kwanza, ya juu hufuata. Kwa hiyo ipo siku ambapo shina moja huwa na mbegu zilizokauka chini, mbegu mbichi katikati na maua yanayofunguka juu.

Siku hiyo ndiyo inayoamua hatima ya mwaka unaofuata, nayo ndiyo siku ambayo mmea huvutia zaidi wachumaji, kwa kuwa harufu imekolea. Anayeung'oa pamoja na mizizi kabla mbegu hazijakauka hupata mzigo mzuri wa majani na kuacha ardhi bila mrithi. Mbegu zilizosalia udongoni kutoka miaka ya nyuma zinaweza kufidia kwa muda, lakini akiba hiyo isiyoongezwa hupungua. Ndiyo sababu kivumbasi hakitoweki kwa kishindo. Hupungua mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja watu wakajikuta wanakifuata kata ya jirani.

Ardhi inayolowa na kukauka

Neno mbuga leo huwajia wengi kwa maana ya mahali pa wanyamapori. Kwa wakulima na wafugaji mbuga ni pia ile ardhi tambarare ya udongo mweusi wa mfinyanzi, inayojaa maji wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Hiyo ni aina mojawapo ya ardhioevu ya msimu, na wilaya za Karatu na Ngorongoro zinazo za namna nyingi.

Ziwa Eyasi lenyewe hupanuka na kusinyaa kwa mvua; katika miaka ya ukame sehemu kubwa ya kitanda chake hubaki kuwa uwanda wa chumvi. Upande wa Ngorongoro, maji ya korongo la Olduvai huishia katika bonde la Olbalbal, ambalo huwa majimaji katika msimu mzuri na malisho makavu baadaye. Ndani ya kreta kuna mabwawa ya Gorigor na Mandusi, chemchemi ya Ngoitokitok, na Ziwa Magadi ambalo kingo zake husogea kila mwaka. Kaskazini kabisa mwa Wilaya ya Ngorongoro lipo bonde la Ziwa Natron, ambalo Tanzania iliwasilisha mwaka 2001 kuwa miongoni mwa ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Sehemu kubwa ya maji hayo ina mama mmoja, nao ni misitu ya nyanda za juu za Ngorongoro. Mvua na ukungu unaonaswa na misitu hiyo hupenya ardhini na kutokeza mbali kama chemchemi, zikiwamo zile za Mang'ola zinazomwagilia mashamba ya vitunguu. Hivyo anayelima kitunguu bondeni, anayenywesha ng'ombe mbugani na anayechuma kivumbasi ukingoni wote wanategemea maji ya asili moja, hata kama hawajawahi kukutana.

Kivumbasi hakioti katikati ya bwawa lenye maji ya kudumu. Makazi yake ni ule ukanda wa pembeni, ambao una unyevu wa kutosha kuotesha mbegu na ukavu wa kutosha kuikomaza. Ukanda huo ni mwembamba, na ndio unaoliwa kwanza mkulima anaposogeza shamba hatua chache kuelekea majini, mfereji unapochimbwa, au mifugo inapopitishwa mahali pamoja kila siku hadi udongo unapovurugika. Ardhi iliyobaki tupu haisubiri kivumbasi kirudi. Huchukuliwa na mbegu yoyote iliyo karibu, na mara nyingi hiyo ni ya gugu. Wakazi wa Ngorongoro wameshuhudia jinsi mimea kama Gutenbergia yenye maua ya zambarau na Bidens yenye maua ya manjano ilivyoenea katika malisho ya kreta na kusonga majani yanayoliwa na wanyama. Pembezoni mwa bonde la kijiji kanuni ni ile ile.

Kivumbasi na mbu: kinachofanya kazi na kisichofanya kazi

Sifa kubwa ya kivumbasi ni kufukuza mbu, na katika eneo lililo jirani na mji unaoitwa Mto wa Mbu sifa hiyo si ndogo. Je, ni ya kweli? Utafiti unajibu kuwa ni ya kweli kwa sehemu, na sehemu hiyo inajulikana. Katika majaribio yaliyofanyika Mbita, kando ya Ziwa Victoria nchini Kenya, na kuchapishwa mwaka 2002, watafiti waliweka kivumbasi hai kilichopandwa kwenye vyungu ndani ya vibanda maalumu, kisha wakaachia mbu wa Anopheles gambiae, ambao ni waenezaji wakuu wa malaria. Kivumbasi kiliwazuia mbu kumfikia mtu kwa takriban asilimia 40.

Tarakimu hiyo yafaa isomwe pande zote mbili. Mbu wanne katika kila kumi kuzuiwa na mmea ulioota bure ni msaada wa kweli, hasa jioni ambapo familia imeketi nje na chandarua bado kimefungwa. Lakini mbu sita katika kumi bado wanafika, na ili kumwambukiza mtoto malaria anatosha mbu mmoja mwenye vimelea. Nyumba inayotundika kivumbasi mlangoni na kuacha chandarua kikiwa kimekunjwa sandukuni imebadilisha kinga kubwa kwa kinga ndogo. Hapo ndipo mmea mwema unapogeuka kuwa sababu ya msiba, kwa sababu harufu yake huleta imani kwamba kazi imekwisha.

Kwa hiyo matumizi sahihi ni haya: kivumbasi kabla ya kulala, chandarua chenye dawa wakati wa kulala. Mjamzito hupewa chandarua anapohudhuria kliniki, na mtoto hupewa anapopelekwa kupata chanjo ya surua akiwa na miezi tisa. Anayestahili na hajapata aulize kwenye zahanati au kituo cha afya cha kata yake.

Kuhusu kuchoma majani, moshi wake huwakimbiza mbu kwa muda, lakini moshi ni moshi. Ndani ya chumba kisicho na madirisha ya kutosha hudhuru mapafu, na wanaoumia kwanza ni watoto wachanga, wazee na wenye pumu. Afadhali majani mabichi yafikichwe na kuwekwa karibu na mlango, au mmea wenyewe uoteshwe kwenye kopo au chungu na kuwekwa barazani, kama walivyofanya watafiti wa Mbita. Mafuta yaliyokamuliwa yasipakwe kwenye ngozi ya mtoto mchanga.

Jambo jingine halina mjadala: kivumbasi hakitibu malaria. Kikombe cha majani yaliyochemshwa kinaweza kumfariji mwenye mafua, lakini homa yoyote katika eneo lenye malaria hupimwa kwanza. Zahanati zina kipimo cha haraka kinachotoa jibu kwa tone la damu, na anayekutwa na vimelea hupewa dawa mseto. Mtoto mdogo mwenye malaria anaweza kuzidiwa ndani ya muda mfupi sana, na siku moja iliyopotezwa kwa kumnywesha maji ya majani haiwezi kurudishwa.

Je, bonde likaushwe ili mbu waishe?

Hoja hii husikika mara nyingi: kama mbu hutoka majini, kwa nini mabonde yasikaushwe yote? Jibu limo katika tabia za mbu mwenyewe. Anopheles gambiae hupendelea kutaga kwenye madimbwi madogo ya maji mafupi yanayopigwa na jua na yasiyo na majani mengi. Mashimo ya kufyatulia matofali, nyayo za ng'ombe, mifereji iliyoziba na matairi ya magari yaliyochimba barabara ya udongo humpa hasa anachokitaka. Katika joto la bondeni, yai laweza kuwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja hadi mbili.

Ardhioevu iliyo hai, yenye manyasi ukingoni, vyura, samaki na wadudu wanaokula viluwiluwi, si mahali rahisi kwa mbu huyo. Bonde lililovurugwa, likachimbwachimbwa na kubaki vidimbwi vilivyo wazi, ndilo linalomfaa zaidi. Kazi yenye faida kwa kaya ni kufukia mashimo ya karibu na nyumba, kuzibua mifereji na kumwaga maji yaliyotuama, huku bonde la asili likiachwa na kingo zake. Ukingo huo huo ndio unaoleta kivumbasi.

Kivumbasi ghalani

Matumizi ya pili yenye msingi ni kuhifadhi mazao. Nchini Rwanda wakulima wamezoea kuchanganya majani ya kivumbasi na maharage ili kuzuia wadudu waharibifu. Watafiti walioichunguza desturi hiyo waligundua kwamba nguvu hutokana hasa na kiini cha mafuta kiitwacho linalool, ambacho huwadhuru wadudu wa ghalani. Kiini hicho huruka upesi hewani. Kwa sababu hiyo majani yaliyokaa juani wiki nzima hubaki na harufu kidogo na kinga kidogo zaidi.

Kwa mkulima wa Karatu anayeweka mbaazi, maharage au mahindi, maana yake ni nyepesi. Mazao yakauke vizuri kwanza, kwa sababu hakuna jani litakalookoa punje zenye unyevu. Majani yakaushwe kivulini, yasagwe karibu na siku ya kuyatumia, na chombo kiwe na mfuniko usiopitisha hewa. Kwa magunia machache ya chakula cha nyumbani njia hii inasaidia. Kwa mazao mengi ya biashara au ya kukaa miezi mingi, mkulima amwone afisa kilimo wa kata kuhusu mifuko isiyopitisha hewa na njia nyingine za hifadhi.

Kuchuma bila kumaliza

Utunzaji wa kivumbasi hauhitaji fedha, unahitaji subira ya wiki chache na utaratibu mdogo unaofuatwa na wote:

Kwanza, matawi yakatwe kwa kisu, mmea using'olewe na mzizi. Ukikatwa juu ya jozi kadhaa za majani huchipua tena.

Pili, katika kila mashina matatu, moja liachwe bila kuguswa hadi likauke lenyewe na kudondosha mbegu.

Tatu, mashina ya chini yanapogeuka rangi ya kahawia, yakung'utwe juu ya kitambaa au karatasi. Mbegu zitakazopatikana zihifadhiwe mahali pakavu, zipandwe mvua zinapoanza, juu juu ya udongo bila kufukiwa sana. Mita chache za ukingo wa bustani hutosha mahitaji ya kaya, na hupunguza uchumaji wa porini.

Nne, mifugo ipitishwe njia tofauti kwa zamu ili ukingo wa bonde upate kupumzika wakati mimea inapokomaa.

Sheria na mahali pa kuuliza

Ukingo wa maji una ulinzi wa kisheria. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto, ziwa au bwawa. Sehemu kubwa ya ukanda wa kivumbasi imo ndani ya mita hizo. Kwa wanaoishi au kupita ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, mimea ya porini iko chini ya taratibu za Mamlaka ya Hifadhi, na ni vyema kuuliza kabla ya kuchuma. Masuala ya kuchepusha maji katika mabonde ya Eyasi na Manyara huhusu pia Bodi ya Maji ya Bonde la Kati.

Mkazi anayeona shamba limeingia ukingoni mwa bonde aanzie kwa mtendaji wa kijiji na kamati ya mazingira ya kijiji. Mwenye swali la mazao amwone afisa kilimo wa kata. Mwenye homa nyumbani asimtafute yeyote kati ya hao, aende zahanati siku hiyo hiyo.

Mvua zijazo zitaukuta udongo wa pembezoni ukiwa na mbegu au ukiwa mtupu, kutegemea kilichofanywa na wachumaji, wafugaji na wakulima katika wiki chache za mwisho wa msimu huu. Kivumbasi kitaishi msimu wake mmoja na kufa kama kawaida yake. Kurudi kwake kumo mikononi mwa wanaokitumia.